Kibanja, Jembe na Kitambi: Historia ya Mlo na Mwili katika Bukoba na Muleba

Kwa vizazi vingi maisha ya Wahaya wa Bukoba na Muleba, katika ukanda wa vilima ulio magharibi mwa Ziwa Viktoria, yamejengwa juu ya kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba na kurithiwa pamoja na makaburi ya ukoo yaliyomo ndani yake. Kibanja kiliwalisha watu ndizi za kupika, chakula chenye wanga mwingi na mafuta haba, na kwa kuwa wanga huishia kuwa sukari katika damu, watu wengi wanaoona kisukari, shinikizo la juu la damu na kiharusi vikiongezeka siku hizi huinyooshea kidole ndizi yenyewe, na wapo wagonjwa walioiacha kabisa wakihamia ugali wa sembe kwa imani kwamba wamejiokoa. Historia ya eneo hili haiungi mkono hukumu hiyo. Ndizi haikubadilika sana. Kilichobadilika ni kazi iliyoandamana nayo, vyakula vilivyokaa nayo chunguni, na hali ya miili inayoipokea. Mabadiliko hayo hayaeleweki bila kwanza kueleza usugu dhidi ya insulini, kwa maana huo ndio mlango ambao magonjwa hayo yote hupitia.

Insulini ni homoni, yaani kemikali inayotolewa na kiungo kimoja na kuchukuliwa na damu kwenda kuongoza kazi za viungo vingine, nayo hutengenezwa na seli maalumu za kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo la chakula. Baada ya mlo, wanga ukishavunjwavunjwa kuwa glukosi, ambayo ndiyo sukari ya damu, insulini hupiga hodi kwenye seli za misuli na za mafuta ili ziipokee glukosi hiyo, na papo hapo huliamuru ini liache kutengeneza glukosi yake lenyewe na kuzizuia ghala za mafuta zisiyamwage mafuta yake katika damu. Usugu ni hali ambayo hodi hiyo hupigwa isiitikiwe ipasavyo. Kongosho hujibu kwa kutoa insulini nyingi zaidi, na kwa miaka kadhaa, pengine zaidi ya kumi, mtu aweza kupimwa sukari akaambiwa kuwa ni mzima, ilhali ndani ya mwili kazi ya kawaida inafanyika kwa gharama isiyo ya kawaida.

Chanzo kikubwa cha usugu huo ni mafuta yaliyokosa mahali pake. Ghala za chini ya ngozi zinapolemewa, mafuta huanza kujazana katikati ya matumbo, ndani ya ini na ndani ya nyuzi za misuli, na huko mazao yake huvuruga mawasiliano ya ndani ya seli, kiasi kwamba vibebeo vya glukosi, ambavyo insulini ilipaswa kuvipandisha hadi kwenye ukuta wa seli, hubaki vimekaa ndani. Ini nalo huwa sugu kwa namna ya ajabu, kwa kuwa huendelea kutoa glukosi lisilotakiwa kuitoa, lakini haliachi kutengeneza mafuta. Hivyo mafuta ya damu yaitwayo trigliseridi hupanda na lehemu iliyo njema hushuka. Insulini nyingi pia hushawishi figo kubakiza chumvi, jambo linalosaidia kupandisha shinikizo la damu. Kongosho likishachoka, sukari hupanda waziwazi, na hicho ndicho kisukari cha aina ya pili. Kwa sababu hiyo maradhi haya hayaji moja moja, bali huja yameshikana: kisukari, shinikizo la damu, ini lenye mafuta, maradhi ya moyo na kiharusi, ambayo kwa pamoja huitwa magonjwa ya umetaboli, yaani ya kazi ya mwili ya kugeuza chakula kuwa nguvu na akiba.

Elimu hii ilichelewa kukamilika hata huko ilikoanzia. Insulini ilipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1921, na kwa muda kisukari kilidhaniwa kuwa upungufu wake tu. Mwaka 1936 Harold Himsworth, daktari wa London, alionyesha kwamba wapo wagonjwa ambao hata wakidungwa insulini sukari yao haishuki kama ya wengine, na mwaka 1960 Rosalyn Yalow na Solomon Berson wa New York, wakitumia njia waliyoibuni ya kupima homoni kwa mnururisho, walikuta insulini nyingi, wala si kidogo, katika damu ya watu wazima wenye kisukari. Gerald Reaven wa Chuo Kikuu cha Stanford ndiye aliyeyaunganisha maradhi hayo chini ya chanzo kimoja katika mhadhara wake wa mwaka 1988. Kwa hiyo madaktari waliofanya kazi Bukoba katika sehemu kubwa ya karne ya 20 hawakuwa hata na jina la kitu ambacho leo kinatafutwa katika kumbukumbu zao.

Kuna jambo moja la fiziolojia ambalo ni ufunguo wa historia yote inayofuata. Msuli unaofanya kazi huvipandisha vibebeo vya glukosi hadi kwenye ukuta wa seli bila kuingoja insulini, na hali hiyo ya upokevu huendelea kwa saa nyingi baada ya kazi kwisha, mara nyingine hadi siku ya pili. Mtu anayelima asubuhi, kwa hiyo, hula chakula chake cha mchana akiwa na misuli iliyo tayari kupokea sukari hata kama insulini yake si nyingi. Historia ya jembe la mkono ni sehemu ya historia ya kisukari, ingawa vitabu vingi huziweka mbali.

Kazi ya kibanja ilikuwa nzito kuliko kivuli chake kizuri kinavyodokeza. Mvua ya Bukoba, ambayo hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, huosha rutuba ya udongo, na ardhi ya vilima vile kwa asili yake si ya kuotesha migomba kwa karne nyingi mfululizo. Rutuba ililetwa kwa mikono na kwa kichwa. Majani yalikatwa rweya, yaani katika uwanda wa nyasi ulio nje ya vijiji, yakafungwa mizigo, yakabebwa hadi kibanjani na kutandazwa chini ya migomba. Samadi ya ng'ombe waliochungwa rweya mchana na kulala nyumbani usiku ilimwagwa humohumo. Sotoka iliyoteketeza ng'ombe wa ukanda wote wa maziwa makuu mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilipunguza samadi, na kila upungufu wa samadi uliongeza haja ya majani na ya mabega ya kuyabeba. Kwa desturi wanaume walishughulikia migomba na mibuni, wakipogoa na kuegemeza mashina yaliyoelemewa na mikungu, na wanawake walipalilia, wakapanda maharage kati ya migomba, wakalima kwa jembe vishamba vya rweya vya njugumawe na viazi, na kupandisha maji kutoka kwenye chemchemi za mabondeni hadi juu ya matuta ambako nyumba zilijengwa. Anayeijua miteremko ya Kamachumu, katika Muleba, anaelewa kwamba ndoo moja ya maji ilikuwa kazi ya kutosha kuamsha kila msuli wa paja.

Chakula chenyewe kinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa hukumu dhidi ya ndizi hutolewa na watu wanaoitazama ndizi peke yake. Ndizi za kupika humenywa zikiwa mbichi kabisa, utomvu ukitia weusi vidoleni, kisha hupangwa katika chungu juu ya maharage yaliyokwisha kuchemka hadi kukaribia kuiva. Maji huongezwa kwa kadiri, chumvi ikatiwa, na majani ya mgomba yaliyobabuliwa motoni hadi yakalegea hufunika chungu na kukandamizwa pembeni ili mvuke usipotee. Mafuta hayakuwa sharti. Dagaa, samaki wa ziwani, mboga za majani au, katika misimu ya Novemba na ya Aprili, senene waliokaangwa kwa mafuta yao wenyewe, waliongezwa palipowezekana. Sehemu ya wanga wa ndizi mbichi ni ya aina isiyomeng'enywa kwa wepesi katika utumbo mwembamba. Maharage nayo huleta nyuzinyuzi na protini zinazochelewesha sukari kuingia katika damu, na ndizi ina potasiamu nyingi, madini yanayosaidia mwili kutoa chumvi iliyozidi. Kwa ufupi, chungu kile kilikuwa na wanga mwingi, lakini ni wanga ulioingia mwilini polepole, pamoja na vitu vilivyouzuia kufanya fujo, na kuwakuta watu waliokuwa wametoka kubeba majani.

Haifai, hata hivyo, kuyapamba maisha ya kale. Kibanja kilikuwa na sukari yake: ndizi za pombe zilipoiva, wanga wake uligeuka sukari, zikakanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, maji ya matunda yakachujwa na kunywewa yakiwa matamu, au yakatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, yakalala usiku mmoja au miwili hadi yakawa lubisi. Kinywaji hicho kilikuwa na kazi zake za kijamii, kwa kuwa kilitolewa kwa watawala, kwa mizimu ya ukoo na kwa wageni, na upishi wake ulifuata taratibu. Lakini wapo waliokinywa kwa wingi, na ulevi wa kudumu huongeza mafuta katika ini kama sukari inavyofanya. Tofauti na soda ya leo ni kwamba utamu ule ulitegemea mkungu ulioiva, siku kadhaa za kazi na watu wa kunywa pamoja, hivyo haukuweza kupatikana kila saa, na watoto hawakuubeba mfukoni.

Unene nao una historia yake katika mkoa huu wa Kagera, na historia hiyo imeandikwa kwa vipimo. Wasafiri wa Uingereza John Hanning Speke na James Grant walipofika Karagwe mwezi Novemba 1861 na kupokewa na Rumanika, mtawala wa nchi hiyo, Speke aliwakuta wanawake wa jamaa ya kifalme wakinyweshwa maziwa mfululizo ili wanenepe, na wengine walikuwa wamenenepa hadi kushindwa kusimama bila msaada. Alimpima mmoja wao, shemeji yake Rumanika, kwa utepe: mzunguko wa mkono wa juu ulikuwa inchi 23, sawa na sentimita 58 hivi, kifua sentimita 132, na paja karibu sentimita 79, kwa mwanamke mwenye urefu wa sentimita 173. Karibu naye alikuwapo binti yake wa miaka kama 16 akinywa maziwa chini ya usimamizi wa baba aliyeshika fimbo. Tendo la mgeni kumpima mwanamke kama bidhaa linaudhi, na ni haki liudhi. Lakini tarakimu zake zinabaki kuwa miongoni mwa vipimo vya kwanza vya mwili vilivyoandikwa katika nchi hii, nazo zina pengo moja la maana. Speke hakupima kiuno. Leo kiuno ndicho kipimo kinachotangulia, kwa kuwa mafuta ya mapaja na mikono hukaa salama kwa kiasi chini ya ngozi, wakati mafuta ya tumbo, yaliyo jirani na ini, ndiyo yanayofuatana na usugu dhidi ya insulini. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari huweka ukingo wa tahadhari kwenye sentimita 80 kwa wanawake na 94 kwa wanaume wa Afrika kusini ya Sahara. Hakuna anayeweza kusema sasa kama shemeji huyo wa mfalme alikuwa na kisukari.

Linaloweza kusemwa ni kwamba unene wa namna ile ulihitaji makundi ya ng'ombe, watumishi na ruhusa ya kutofanya kazi, na kwa hiyo ulikuwa wa wachache mno. Wahinda waliotawala Karagwe walikuwa wa ukoo mmoja na watawala wa Ihangiro, nchi ambayo leo ni sehemu kubwa ya Muleba, na wa Kihanja iliyo upande wa Bukoba, hivyo heshima ya mwili ulionona haikuwa geni katika vilima vya ziwani. Ilibaki kuwa tamaa ya wengi na mali ya wachache, kwa muda wote ambao mwananchi wa kawaida alilazimika kupanda na kushuka mteremko kila siku.

Mji wa Bukoba ulianza kama kituo cha Wajerumani kilichowekwa na Emin Pasha mwezi Novemba 1890, na Mapadre Weupe walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892. Reli ya kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, buni ya Bukoba, ambayo zamani ilichemshwa, ikakaushwa na kutafunwa na wageni wa heshima, ilipata njia ya kwenda kwenye masoko ya dunia, na kahawa ikawa fedha. Mwaka 1924 Klemens Kiiza na wenzake walianzisha Bukoba Bahaya Union, mwaka 1937 wakulima walizikataa kwa ghasia kanuni za serikali juu ya utunzaji wa mibuni, na mwaka 1950 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika ambacho leo kinajulikana kwa herufi za KCU. Historia hii ya kisiasa imeandikwa sana. Upande wake wa jikoni umeandikwa kidogo, ingawa ni fedha ya kahawa iliyoingiza chai yenye sukari, mkate na maandazi katika nyumba za walimu, makarani na makatekista, yaani katika nyumba za watu wa kwanza kulipwa kwa kukaa kitini. Sukari na kiti viliingia pamoja.

Hata hivyo kwa muda mrefu idadi ya watu hao ilikuwa ndogo, na ushahidi wa madaktari unalingana na hilo. Albert Cook wa hospitali ya Mengo, Uganda, kwa majirani Waganda wanaokula ndizi kama Wahaya, aliandika mwaka 1901 kwamba kisukari kilikuwa nadra lakini kiliua. Hugh Trowell, aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago, hukohuko Uganda, kuanzia miaka ya 1930, alishangazwa na uchache wa shinikizo la damu na maradhi ya moyo miongoni mwa Waafrika aliowatibu, na baadaye, pamoja na daktari mwenzake Denis Burkitt, akatetea kwamba nyuzinyuzi za vyakula kama hivyo zilikuwa sehemu ya sababu. Kwa upande wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania, daktari Bo Ahrén wa Uswidi na mwenzake Corrigan walichapisha mwaka 1984 utafiti uliokuta kisukari kikiwa bado kidogo. Miaka mitano baadaye Donald McLarty, Andrew Swai na wenzao walitangaza matokeo ya vijiji sita vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, ambako kati ya watu zaidi ya 6,000 waliopimwa, wenye kisukari hawakufikia asilimia 1. Ni kweli kwamba wagonjwa wengi wa zamani walikufa bila kupimwa, na hospitali za misheni hazikuwaona wote. Lakini utafiti wa McLarty uliwafuata watu vijijini na kuwapima walipo, kwa hiyo uchache ule hauwezi kuelezwa kwa upungufu wa vipimo peke yake.

Katika utafiti huohuo kulikuwa na tarakimu ambayo haikupewa uzito unaostahili. Watu karibu asilimia 8 walikuwa na sukari iliyochelewa kushuka baada ya kunywa glukosi, hali iliyo katikati ya uzima na ugonjwa. Kinga waliyobakiza ilikuwa mzigo wa kazi na uchache wa mafuta mwilini, na viwili hivyo ndivyo vilivyokuwa karibu kuondoka.

Miaka ya mwisho ya 1970 ilileta kwanza upungufu. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia mwezi Oktoba 1978, daraja la Kyaka likabomolewa, na baada ya vita nchi nzima iliingia katika kipindi ambacho sukari, sabuni na mafuta ya kupikia viligawiwa kwa kipimo. Milango ya biashara ilipofunguliwa kuanzia mwaka 1986, mafuta ya mawese yaliyosafishwa na sukari ya viwandani vilianza kufika hadi kwenye maduka ya vijijini kwa vipimo vidogo ambavyo hata maskini aliweza kununua. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulivunjika mwaka 1989, bei ikaanguka, na vijana wengi waliacha mibuni wakaenda kwenye kambi za uvuvi, kwenye migodi na mijini. Sukari ya mezani ni muungano wa glukosi na fruktosi, na fruktosi hii, tofauti na glukosi inayogawanywa kwa viungo vyote, hushughulikiwa kwa sehemu kubwa na ini, ambalo ikija nyingi na kwa haraka huigeuza kuwa mafuta. Chupa moja ya soda kwa tumbo tupu ni mzigo ambao chungu cha ndizi na maharage hakiwezi kuutua kwenye ini kwa mwendo huo. Pikipiki za bodaboda nazo, kuanzia miaka ya 2000, zilichukua safari zilizokuwa za miguu. Hakuna mwenye haki ya kumlaumu mama aliyepumzishwa mteremko wa Kamachumu, lakini mwili wake ulipoteza kitu ambacho hakuna aliyemwambia kwamba ulikuwa ukikitegemea.

Mgomba wenyewe ulidhoofu katika kipindi hichohicho. Wadudu wa mashina na minyoo ya mizizi, pamoja na uhaba wa samadi, vilipunguza mavuno kwa miongo kadhaa, na mwaka 2006 mnyauko wa bakteria, ugonjwa unaoozesha mkungu kutoka ndani, ulithibitishwa kwa mara ya kwanza Tanzania katika wilaya ya Muleba, kwenye kata ya Izigo, ukaenea upesi kwa visu vya kupogolea visivyosafishwa na kwa wadudu wanaotembelea maua. Kaya zilizopoteza vibanja ziligeukia mihogo na mahindi. Unga wa mahindi uliokobolewa mashineni umeondolewa sehemu kubwa ya nyuzinyuzi zake, na ugali wake hupandisha sukari ya damu kwa kasi. Ni jambo la kusikitisha kwamba mgonjwa anashauriwa kuacha ndizi na kula sembe, huku historia ya kilimo cha wilaya yake ikionyesha kwamba ugonjwa uliongezeka wakati ndizi ikipungua.

Lakini hakuna kilichobadilisha maana ya mwili katika Bukoba na Muleba kama UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mwaka 1983 katika hospitali ya Ndolage, Kamachumu, na kwa miaka 20 iliyofuata kukonda kulikuwa tangazo la kifo. Mtu aliyepungua uzito alinong'onwa. Aliyenenepa alionekana kuwa salama, na wachumba, waajiri na hata majirani waliusoma mwili kwa jicho hilo. Heshima ya zamani ya unene, iliyokuwa ya majumba ya watawala, ilipata sababu mpya na kuwa ya watu wote, kwa maana kitambi kilikuwa ushahidi wa uzima. Inafaa jambo hili lizingatiwe na kila anayewahimiza watu wa Kagera kupunguza uzito, kwa sababu anawaomba waelekee upande ambao wengi wao waliona wazazi wao wakielekea walipokuwa wakifa.

Dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa kwa mpango wa taifa mwaka 2004, na ziliokoa maisha ya watu wengi sana. Lakini mojawapo ya zile za mwanzo, stavudine, iliharibu ghala za mafuta za chini ya ngozi, ikakausha mashavu na miguu ya wagonjwa huku mafuta yakihamia tumboni, na kuzaa usugu dhidi ya insulini kwa njia ileile iliyoelezwa hapo juu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 iachwe. Dawa iliyoenea baada ya mwaka 2019, dolutegravir, ni bora kwa virusi, ila wengi huongezeka uzito wakiitumia. Hivyo mtu wa Muleba aliyeponea chupuchupu mwaka 2005 anaweza kuingia uzeeni akiwa na virusi vilivyotulizwa na ini lililojaa mafuta.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta kisukari kwa asilimia 9.1 na shinikizo la juu la damu kwa karibu asilimia 26. Umri na njia za kupima havikuwa sawa na vya McLarty, kwa hiyo tarakimu hizo mbili haziwezi kulinganishwa kwa rula. Ulinganisho ulio imara zaidi ni wa Terry Aspray na wenzake, waliotumia kipimo kimoja mahali pawili na kutangaza mwaka 2000 kwamba Dar es Salaam wenye kisukari walikaribia asilimia 6, wakati kijijini Shari, Kilimanjaro, hawakuvuka asilimia 2.

Kagera ina hazina ya pekee kuhusu jambo hili. Kati ya mwaka 1991 na 1994 Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zilifuatilia kaya zaidi ya 900 za mkoa huu, zikiwapima watoto urefu na uzito wakati ambapo yatima walikuwa wengi na chakula hakikutosha, kisha watu haohao wakatafutwa tena mwaka 2004 na 2010 popote walipokuwa wamehamia. Watoto waliodumaa walikua wafupi na kusoma kidogo. Watafiti Nicholas Hales na David Barker walikuwa wametoa hoja mwaka 1992 kwamba mtoto aliyekosa chakula tumboni au uchangani hujengewa kongosho dogo na mwili wa kubana matumizi, ambao unakuwa hatarini pindi chakula kinapozidi, na uchunguzi wa Enugu, Nigeria, kwa watu waliozaliwa wakati wa njaa ya Biafra ulikuta kwamba walipofika miaka 40 walikuwa na unene, shinikizo la damu na sukari ya juu zaidi ya wenzao waliozaliwa baada ya njaa hiyo. Watoto wa Kagera wa mwaka 1991 wamekwisha kuvuka miaka 30. Ufuatiliaji wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba waliohama mkoa waliongeza matumizi yao kwa kiasi kikubwa kuliko ndugu zao waliobaki kijijini, na matumizi kuongezeka, kwa mtu aliyehamia Mwanza au Dar es Salaam, maana yake ni mafuta, nyama, soda na nauli ya daladala zaidi, kwa mwili uliojengwa katika miaka ya upungufu.